Nani Alipe Simu ya Shule?

Wako watu wanaopenda kudai kuwa mawasiliano ni bidhaa kama chumvi au nguo: mwenye fedha anunue, asiye nazo asubiri mpaka azipate. Wakiulizwa ushahidi huinyoshea kidole Marekani. Huko, husema, Serikali iliuacha mkono wake mbali na biashara ya simu, na ndiyo maana kila shule na kila maktaba ina intaneti. Basi na nchi za Afrika Mashariki ziliachie soko lifanye kazi yake, na shule ya kijijini itafikiwa siku yake itakapowadia. Hoja hii hutolewa kwa sauti ya mtu aliyesafiri na kujionea. Ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba si kweli.

Shule za Marekani hazikuunganishwa na soko. Ziliunganishwa kwa nguvu ya sheria, na kwa fedha ambazo makampuni ya simu yanalazimika kuzitoa yapende yasipende. Sheria yenyewe ni Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, ambayo Rais Bill Clinton aliitia sahihi tarehe 8 Februari mwaka huo ndani ya Maktaba ya Bunge mjini Washington. Kwa sehemu kubwa ilikuwa sheria ya kuyafungulia makampuni milango yashindane. Hata hivyo maseneta wanne walihakikisha kuwa ndani yake kimo kifungu kinachoyalazimu makampuni hayo kuzihudumia shule na maktaba kwa bei ya punguzo, na pengo la bei lijazwe na mfuko wa pamoja.

Inafaa kuangalia maseneta hao walitoka wapi. Olympia Snowe alitoka Maine, Jay Rockefeller West Virginia, James Exon na Bob Kerrey wote wawili Nebraska. Hayo si majimbo ya maghorofa. Ni majimbo ya misitu, milima ya makaa ya mawe na mashamba yasiyo na mwisho, ambako kutoka nyumba hadi nyumba ni mwendo mrefu. Snowe alikuwa wa chama cha Republican na wenzake watatu wa Democratic. Kilichowaunganisha ni kuwa wote waliijua kampuni ya simu. Kampuni ya simu haitavuka mlima kupeleka waya kwenye shule ya watoto arobaini. Si kwa sababu wakurugenzi wake ni watu wabaya, bali kwa sababu hesabu zao hazikubali.

Wala jambo hilo halikuwa geni. Tangu mwaka 1934 sheria ya Marekani iliweka lengo kuwa huduma ya simu iwafikie wananchi wote kadiri iwezekanavyo. Kwa miaka mingi kampuni ya AT&T, iliyokuwa imehodhi karibu biashara yote ya simu, iliwatoza zaidi waliopiga simu za mbali ili bei ya simu ya nyumbani na ya vijijini iwe nafuu. Hodhi hiyo ilipovunjwa mwaka 1984 na ushindani ukaingia, njia ile ya kufidiana chini kwa chini haikuweza kudumu. Ikabidi jambo lililokuwa likifanyika gizani lifanyike mchana: mchango uandikwe, mfuko ujulikane, mnufaika atajwe. Huo ndio msingi wa mpango ambao Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliupitisha mwezi Mei 1997 na kuuanzisha mwaka 1998, ukiwa na kikomo cha dola bilioni 2.25 kwa mwaka. Kikomo hicho kilipandishwa mwishoni mwa mwaka 2014 kufikia dola bilioni 3.9.

Akili ya mpango huo imo katika kipimo chake. Shule haipimwi kwa ukubwa wa majengo wala kwa ufasaha wa mkuu wake katika kuandika maombi. Hupimwa kwa sahani. Idadi ya watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu ndiyo inayoamua punguzo, na shule ya kijijini huongezewa kidogo. Punguzo huanzia asilimia 20 na kufika asilimia 90. Bili ya intaneti ikiwa ni dola 1,000 kwa mwezi, shule ya watoto wa matajiri hulipa 800, na shule ambayo karibu watoto wote hawana uwezo hulipa 100. Maktaba ya umma nayo hupimwa kwa hali ya watoto wa shule za eneo lake. Mtu anayedai kuwa ruzuku haiwezi kuelekezwa kwa mnyonge bila kuvuja kwa mwenye nazo ana wajibu wa kueleza kipimo hiki kina ubaya gani.

Jambo la pili linawahusu walimu moja kwa moja. Ruzuku hii haikuishia kwenye sherehe ya kukabidhi vifaa. Hulipa bili, mwezi baada ya mwezi. Kila mtumishi aliyewahi kufanya kazi katika idara ya elimu anajua tofauti iliyopo. Siku ya kukabidhi kompyuta kuna hotuba, utepe na picha. Mwezi wa saba baada ya hapo kuna bili, na bili haina mpiga picha. Kompyuta isiyolipiwa mtandao hugeuka kuwa taipureta ghali, kisha hufunikwa kitambaa ili vumbi lisiiharibu, na mwisho hufungiwa ofisini ili isiibiwe. Wamarekani walilitambua hili tangu mwanzo: vifaa vya ndani ya majengo waliviweka katika fungu la pili, na huduma yenyewe katika fungu la kwanza.

Matokeo yake yako wazi. Mwaka 1994 ni vyumba 3 tu katika kila vyumba 100 vya kufundishia katika shule za umma za Marekani vilivyokuwa na intaneti. Mwaka 2000 vilikuwa 77, na mwaka 2005 vilikuwa 94. Haitakuwa haki kusema kuwa kazi yote hiyo ilifanywa na mfuko huu peke yake, kwa maana majimbo yalitoa fedha zake, na katika mwaka 1996 watu wa kujitolea walikwenda mashuleni kuvuta nyaya kwa mikono yao. Lakini watu wa kujitolea huvuta waya siku moja wakarudi makwao. Hawalipi bili.

Je, makampuni na wanasiasa wa soko waliupokea mpango huo kwa furaha? Hata kidogo. Mwaka wa kwanza haujamalizika wapinzani walikuwa wamekwisha upachika jina la kodi ya Gore, kwa kumkejeli Al Gore, Makamu wa Rais aliyeupigania, na mwezi Juni 1998 Tume ilishinikizwa hata ikapunguza fedha zilizokuwa zikusanywe. Hapo ndipo shule zilizokwisha kutuma maombi kwa maelfu zilipojifunza kuwa ahadi ya Serikali bila ulinzi wa wananchi ni karatasi.

Baada ya kusema hayo, hapana budi kusema na mabaya ya mpango huo, kwani anayeficha kidonda cha jambo analolitetea humkabidhi adui kisu. Penye fedha za umma mirija haikosekani. Mwezi Mei 2004 kampuni ya NEC Business Network Solutions ilikiri makosa mbele ya sheria kwa kushiriki njama za zabuni na udanganyifu katika mpango huu, ikakubali kulipa dola milioni 20.7. Huko Puerto Rico zaidi ya dola milioni 100 zilitolewa kwa ajili ya kuunganisha shule, na wachunguzi wa Bunge walipofuatilia walikuta kompyuta chache mno zilizounganishwa, huku vifaa vya mamilioni vikiwa vimelala ghalani. Watoto wa Puerto Rico walisoma chini ya paa lile lile la jana, na fedha zao zikawa zimekwisha kuandikwa kuwa zimetumika.

Wezi hao walikuwa nani? Si walimu wa vijijini wanaojaza fomu usiku. Wengi walikuwa wauzaji waliozijua fomu kuliko waliozitengeneza, pamoja na watendaji waliokaa nao meza moja. Na jibu lililotolewa lilikuwa la kirasimu: fomu zaidi. Leo shule inayotaka ruzuku lazima itangaze mahitaji yake kwa siku 28 kabla ya kufunga mkataba, ijaze fomu namba 470, kisha namba 471, kisha nyingine, na kosa dogo linaweza kuikosesha fedha za mwaka mzima. Kuitangaza zabuni ni jambo jema. Bila hilo NEC wengine wangefuata. Lakini wilaya kubwa yenye ofisi ya wanasheria huzijaza fomu hizo bila jasho, na maktaba ya mji mdogo yenye mfanyakazi mmoja, ambaye pia ndiye anayefagia, hulazimika kumlipa mshauri kutoka mfukoni mwake ili apate kile ambacho sheria imekwisha kumpa. Huo ni mrija mwingine, ingawa huu una leseni.

Hata hivyo kidonda kikubwa kiko kwenye chanzo cha fedha. Mfuko wa Marekani, ambao pamoja na shule na maktaba hugharimia simu za vijijini, simu za wenye kipato kidogo na mawasiliano ya hospitali za vijijini, haupati fedha zake kutoka hazina ya taifa. Hupata mchango kutoka mapato ya makampuni ya simu yanayotokana na mawasiliano baina ya majimbo na ya kimataifa. Makampuni yanaruhusiwa kuwarudishia wateja mzigo huo, na ndivyo yanavyofanya: huuandika kwenye bili ya kila mwezi kama mstari wa peke yake. Mwaka 2000 mchango huo ulikuwa takriban asilimia 6 ya mapato hayo. Mwaka 2025 ulivuka asilimia 36.

Kupanda huko kumewapa maadui wa ruzuku furaha kubwa, nao hukutaja kama ushahidi wa ubadhirifu. Ukweli ni tofauti. Mahitaji yameongezeka, ndiyo, lakini sababu kubwa ni kuwa kapu linalochangiwa limekuwa dogo. Watu wameacha kupiga simu za mbali; wanazungumza kwa intaneti. Na mapato ya huduma ya intaneti hayahesabiwi katika mchango. Hivyo mjane wa Mississippi mwenye simu ya mezani, anapompigia mwanawe aliyeko Chicago, anaichangia shule. Kampuni inayovuna mabilioni kwa kumwuzia mwanawe huyo matangazo ya biashara kwenye mtandao haichangii hata senti kutokana na mavuno hayo. Shule ndizo zilizozaa wateja wa kampuni hizo, zikawafundisha kusoma, kuandika na kubofya. Na bado kampuni hizo hula mezani na kuinuka bila kuosha hata kikombe.

Kwa hiyo ubishi wa kweli si kama ruzuku iwepo au isiwepo. Ubishi ni nani ailipe. Watetezi wa soko hawapendi swali la pili, na ndiyo sababu hupiga kelele juu ya la kwanza. Kikundi kiitwacho Consumers' Research kilikwenda mahakamani kudai kuwa mfuko wote ni haramu, kwa kuwa Bunge limegawa madaraka yake ya kutoza kodi. Mahakama moja ya rufani ilikubaliana nacho mwezi Julai 2024. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo tarehe 27 Juni 2025 kwa majaji sita dhidi ya watatu, hukumu ikiandikwa na Jaji Elena Kagan. Na kati ya hao sita, watatu waliteuliwa na marais wa chama cha Republican. Mfuko ukapona. Lakini mahakama haikuulizwa, wala haikusema, kama ni haki mjane achangie na mwenye mabilioni apite. Hilo si la majaji, ni la Bunge, na Bunge halijalitatua.

Wakati huo huo mipaka ya ruzuku imekuwa ikisogezwa kimya kimya. Kwanza iliondolewa simu yenyewe. Kuanzia mwaka 2015 punguzo la simu za sauti lilikatwa kwa pointi 20 kila mwaka mpaka likaisha mwaka 2019, kwa maelezo kwamba fedha zielekezwe kwenye intaneti ya kasi. Maelezo hayo yana mantiki kwa wilaya za mijini. Kwa shule ya milimani, simu ya ofisini ndiyo inayoita gari la wagonjwa na ndiyo inayompata mzazi, na bili yake haikuondoka kwa sababu Tume imesema wakati wake umepita.

Kisha likaja suala la geti la shule. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozifunga shule, nchi nzima ya Marekani iliona picha ya wasichana wawili wa Salinas, California, wameketi chini nje ya mkahawa wa vyakula vya haraka, kompyuta za shule mapajani, wakiutumia mtandao wa mkahawa ili wafanye kazi waliyopewa na mwalimu. Salinas ni mji wa mashamba ya mboga, mwendo wa saa chache tu kutoka makao makuu ya makampuni makubwa kabisa ya teknolojia duniani. Kwa aibu hiyo Bunge lilitoa dola bilioni 7.17 mwaka 2021 ili shule na maktaba ziwanunulie wanafunzi vifaa na huduma za kutumia majumbani. Fedha hizo zikafika kikomo mwaka 2024. Tume nayo iliamua mwezi Oktoba 2023 kuwa ruzuku ya kawaida ilipie intaneti ndani ya mabasi ya shule, na mwezi Julai 2024 kuwa ilipie vifaa vidogo vya intaneti ambavyo mwanafunzi anaweza kuviazima maktaba kama anavyoazima kitabu.

Maamuzi yote mawili yalifutwa tarehe 30 Septemba 2025, baada ya uongozi wa Tume kubadilika. Hoja iliyotolewa ni kuwa sheria inataja vyumba vya madarasa na maktaba, haitaji mabasi wala sebule za watu. Hoja hiyo ina umbo la sheria, lakini haimjui mwanafunzi. Kitabu cha maktaba kilipoazimwa, nani aliwahi kudai kuwa kinasomeka kihalali ndani ya jengo tu? Maktaba iliyokatazwa kuazimisha si maktaba, ni ghala lenye viti. Na kazi za nyumbani haziitwi za nyumbani kwa utani. Mwalimu anapowapa watoto thelathini kazi inayohitaji mtandao, na kumi kati yao hawana mtandao nyumbani, amewapa mtihani wawili tofauti bila kukusudia, na alama atakazozitoa kesho yake zitapima kipato cha baba na si bidii ya mtoto. Mwalimu hana kosa. Kosa liko kwa yule aliyechora mstari getini.

Watetezi wa kufutwa huko husema pia kuwa mtoto akiachiwa intaneti mbali na macho ya mwalimu ataharibika. Wasiwasi huo si wa kubezwa. Kila mzazi anao. Lakini sheria ya mwaka 2000 tayari inazilazimu shule na maktaba zinazopata ruzuku ya intaneti kuweka vichujio vya kuwakinga watoto, na Mahakama Kuu iliikubali mwaka 2003 kwa upande wa maktaba. Kuwalinda watoto wa maskini kwa kuwanyima kile ambacho watoto wa matajiri wanacho vyumbani mwao usiku kucha ni ulinzi wa ajabu.

Tanzania inahusikaje na ugomvi huu? Inahusika kwa sababu nayo ilikwisha kuchagua upande. Sheria Namba 11 ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa kanuni ile ile, kwamba wanaovuna katika mawasiliano wachangie kuwafikia wale ambao soko limewaruka. Kanuni hiyo haikuletwa kutoka Washington. Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, haikufunguliwa kwa sababu muuza vitabu fulani aliona faida. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya wanavijiji katika vikundi kuizunguka redio moja, hakuna aliyewaambia kwanza kila mmoja akanunue ya kwake ndipo asikie habari za kuchimba choo. Redio ya kikundi, kijitabu na kiongozi wa kikundi vilipangwa pamoja, kwa kuwa ilijulikana kuwa kimoja bila kingine ni kazi bure.

Mpangilio huo wa pamoja ndio unaosahauliwa upesi pale vifaa vinapopewa nafasi ya mbele kuliko huduma. Mtumishi anayepokea shehena ya kompyuta kwa ajili ya shule za wilaya yake anao wajibu wa kuuliza maswali yasiyopendeza kabla ya kutia sahihi. Bili ya mtandao italipwa kutoka kifungu gani, na kwa miaka mingapi? Umeme je? Shule ya mjini yenye wazazi wanaoweza kuchanga na shule ya pembezoni ambako wazazi wanangoja mavuno zitalipa sawa, au patakuwa na kipimo kama kile cha sahani? Maktaba ya mkoa, ambayo humpokea mwanafunzi wa shule yoyote na hata yule aliyemaliza na hana kazi, imo ndani ya hesabu au imesahauliwa tena? Na mchango wa makampuni unahesabiwa kutoka mapato yapi. Yale ya maongezi ya simu ambayo yanazidi kupungua duniani kote, au pamoja na yale ya intaneti yanayozidi kukua? Marekani ililichelewesha swali hili la mwisho kwa zaidi ya miaka 20, na mjane wa Mississippi ndiye aliyelilipia.

Wako watakaosema kuwa maswali haya ni ya wakubwa, si ya mwalimu mkuu wala ya ofisa elimu wa wilaya. Waliojaza ghala la Puerto Rico nao walikuwa na wasaidizi waliodhani hivyo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makisio hutoka chini kwenda juu, na yakifika juu bila kifungu cha bili ya mawasiliano ya shule, hakuna atakayekiandika huko kwa kumwonea huruma mtu.